Ramani Imekupa Mahali, Saa ya Kutoka Je?

Picha za vighuba vya mchanga vilivyojificha kati ya magenge hufanana: mchanga mweupe, maji ya rangi ya feruzi, na hakuna mtu. Chini ya picha mpigaji huweka alama ya ramani na watu humshukuru. Amegawa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye kuua. Kighuba kinachofikiwa kwa kuzunguka rasi hakipo siku nzima. Kipo kwa saa mbili au tatu, kisha maji hukifunga, na zipo siku ambazo hakifunguki kabisa. Kumpa mtu mahali bila saa ni sawa na kumwelekeza kwenye kivuko bila kumwambia ratiba, tena kivuko ambacho ukikikosa wakati wa kurudi hulali hotelini.

Chanzo cha mtego ni umbo lenyewe. Pwani za majabali mara nyingi huwa na ukanda wa mwamba mgumu upande wa bahari na miamba laini nyuma yake. Bahari ikipata ufa katika ule mgumu huingia na kuchimba ule laini kwa kasi zaidi, ndiyo maana vighuba vingi vina mdomo mwembamba na tumbo pana. Lulworth Cove, kusini mwa Uingereza, ndio mfano unaofundishwa zaidi: chokaa ngumu mdomoni, mchanga na udongo wa mfinyanzi katikati, ukuta wa chaki nyuma. Mawimbi yakikaribia pwani ya namna hiyo hupinda. Nguvu yake hukusanyika kwenye rasi na kutawanyika ndani ya ghuba. Mchanga hutulia ndani kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo rasi hupigwa mfululizo. Kwa hiyo mgeni hukaa mahali patulivu kuliko pote katika pwani ile, na njia yake ya kutoka inapita mahali pabaya kuliko pote.

Kuna jambo la pili ambalo macho hayalioni. Mawimbi yanayogonga mguu wa rasi huchimba mchanga pale pembeni, kwa hiyo kona ya kupitia huwa chini kuliko ufuo uliokalia. Maji yanaporudi hujaza kona kwanza. Mbele yako mchanga bado ni mpana, watoto bado wanachimba mashimo, na njia imeshafungwa. Anayesubiri kuona ufuo ukipungua ndipo aondoke amechelewa kabla ya kuanza kukunja taulo.

Dawa yake ni kujua kimo cha kufunga, yaani kimo cha maji ambacho kikifikiwa, mguu wa rasi haupitiki. Kukipata ni kazi ya alasiri moja, na inafanywa ukiwa juu ya genge au upande salama wa rasi. Maji yakiwa yanapwa, tazama ni saa ngapi mawimbi yanaacha kuufikia mguu wa rasi, au ni saa ngapi unaweza kupita ukilowa hadi vifundoni tu. Andika saa hiyo, kisha angalia jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya karibu uone maji yalikuwa na kimo gani wakati huo. Tuseme mita 1.8. Tangu hapo una kipimo kinachofanya kazi kwa tarehe yoyote, mradi utumie jedwali la bandari ile ile, kwa kuwa kila jedwali huhesabu kimo kuanzia usawa wake. Hakikisha pia jedwali linatumia saa gani. Baadhi ya nchi zinazosogeza saa mbele wakati wa kiangazi zina majedwali ambayo hayajasogezwa, na kosa la saa moja hapa ni kosa kubwa.

Sasa hesabu. Katika pwani nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kupwa hadi kujaa hupita takriban saa 6 na dakika 12. Hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya tofauti ya maji kupwa na maji kujaa kwa 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Nusu nzima ya maji huingia katika saa mbili za katikati. Hapo ndipo watu hunaswa, kwa maana saa ya kwanza baada ya kupwa huwadanganya. Maji yamesogea kidogo tu, nao hudhani mwendo utabaki hivyo.

Chukua siku ambayo maji yanapwa hadi mita 0.6 saa 13:40 na kujaa hadi mita 4.6 saa 19:50. Tofauti ni mita 4. Ifikapo 14:42 maji yapo mita 0.93. Ifikapo 15:43 yapo mita 1.6. Saa inayofuata yanapanda mita nzima, kwa hiyo kimo cha 1.8 kinafikiwa karibu 15:55. Huo ni wakati ambao mlango umekwisha kufungwa, haufai kuwa wakati wa kupita. Ondoa nusu mita kwa ajili ya mawimbi na makosa ya jedwali, upange kwa mita 1.3, nawe utapata 15:15. Kama kutoka ulipokaa hadi kona ni dakika 20 za kuruka mawe, unaanza kukusanya vitu saa 14:45, dakika 10 zikiwa za kufunga mizigo. Kwa upande wa kuingia, mlango ulifunguka kwa kipimo hicho hicho cha tahadhari karibu 12:05. Ziara nzima ni saa tatu na dakika kumi, pamoja na kutembea kwenda na kurudi. Anayefika hapo saa nane na nusu mchana (14:30) kwa sababu maji yanaonekana yako mbali amebakiza dakika 45.

Mwendo wa mlalo ndio unaotisha zaidi. Mchanga wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50 ukipandiwa na maji mita moja katika saa moja, ukingo wa maji husogea mita 50 katika saa hiyo.

Hesabu ile haikai. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50, na ukubwa wa tofauti hubadilika na mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua: maji hupwa mbali na kujaa juu mno. Baada ya robo za mwezi huja maji mafu, na tofauti huwa ndogo. Wengi huogopa bamvua na kuyaamini maji mafu. Kwa anayekwenda kwa miguu mara nyingi ni kinyume. Siku ya maji mafu maji yanaweza kupwa hadi mita 2.0 tu, na mlango wa mita 1.8 hautafunguka alfajiri wala jioni. Anayelazimisha kwa kupita maji ya kiunoni anafanya hivyo mahali ambapo mawimbi yamejikusanya. Bamvua nayo hufungua mlango mpana na kuufunga kwa kasi. Zilizo kubwa kupita zote huja karibu na Machi na Septemba.

Wenyeji wa pwani hulijua jambo jingine ambalo mgeni hulipata kwa bahati: mahali pamoja, maji kupwa ya bamvua hutokea karibu saa zile zile za siku, mwaka mzima. Zipo pwani ambazo bamvua hupwa mchana kweupe, na zipo ambazo hupwa alfajiri na magharibi tu. Kighuba kinachohitaji bamvua, kikiwa kwenye pwani ya namna hii ya pili, hufunguka gizani au wakati wa kuingia gizani. Kabla ya kupanga safari ya likizo nzima, jibu swali hilo kwanza. Itakuokoa nauli.

Jedwali pia hutabiri mvuto wa mwezi na jua peke yake, halijui hali ya hewa. Kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali 1 maji hupanda kwa takriban sentimita 1. Siku ya kanieneo ya 980, badala ya 1013 ya kawaida, imeshaongeza sentimita 33 kabla upepo haujasukuma lolote, na nusu mita yako ya tahadhari imeliwa zaidi ya nusu.

Asiye na jedwali ana mwamba. Ukuta wa rasi umeandikwa mistari: chini mwani, juu yake ukanda mweupe wa viumbe wenye magamba walioganda, juu yake weusi, kisha mwamba mkavu wenye rangi yake. Maji hufika mara kwa mara hadi kwenye ule ukanda mweupe. Ikiwa magamba yako juu ya kichwa chako mahali unapopita, basi hapo maji yatakuwa juu ya kichwa chako. Ndani ya kighuba tafuta mstari wa takataka za bahari, vijiti na mwani mkavu. Mstari huo ukiwa mbali na ukuta na nyuma yake kuna mchanga mkavu wenye majani ya nchi kavu, kuna mahali pa kungojea. Ukiwa haupo kabisa, na ukuta wa nyuma umelowa, kighuba chote huzama. Huko hakuna kungojea, na uamuzi wa kuingia unapaswa kuwa mgumu zaidi.

Haya yote yanahusu pwani zenye maji yanayosogea. Bahari ya Mediterania hupanda na kushuka makumi machache ya sentimita, ilhali Ghuba ya Fundy huko Kanada hufikia mita 16. Anayetoka kwenye moja kwenda nyingine na mazoea yake huumia. Lakini Mediterania nayo ina mlango, ila unafungwa na mawimbi, wala hauna jedwali.

Mawimbi yanastahili kukaa nayo kidogo, kwa sababu ndiyo hupuuzwa na watu waliokwisha kujifunza jedwali. Utabiri wa bahari hutoa namba tatu: kimo, muda kati ya wimbi na wimbi, na mwelekeo. Msomaji wa haraka huangalia kimo tu. Mita 1 kila sekunde 6 ni bahari yenye upepo wa hapo karibu, na rasi itakukinga. Mita 1 kila sekunde 15 ni mali ya dhoruba ya mbali, na kundi la mawimbi hayo husafiri kilindini takriban kilomita 1,000 kwa siku. Yanafika chini ya anga safi bila upepo, hupinda kuzunguka rasi kwa urahisi zaidi, na yakikuta maji mafupi huinuka. Isitoshe, kimo kinachotangazwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa. Ukikaa saa chache utalipata moja linalokaribia mara mbili yake. Na kwa kuwa makubwa huja kwa makundi yenye utulivu katikati, kutazama dakika tatu hakutoshi. Kaa juu ya genge dakika 20 bila kuzungumza na simu. Kama katika dakika hizo wimbi hata moja limeosha njia ya rasi, njia hiyo imefungwa, haidhuru jedwali linasema nini.

Mchanga wenyewe si wa kudumu. Mawimbi makali ya majira ya dhoruba huuvuta kwenda chini ya maji, na mawimbi mepesi huurudisha polepole. Ufuo wa Dooagh, kwenye kisiwa cha Achill nchini Ayalandi, ulinyang'anywa mchanga wake mwaka 1984 ukabaki mawe, ukarudishiwa mwaka 2017, ukaupoteza tena mwaka 2019. Huo ni mfano wa kupindukia, ila kighuba chochote kinaweza kushuka mita moja katika dhoruba moja. Picha ya mwaka jana ni ushahidi wa mwaka jana.

Juu ya kichwa kuna saa nyingine isiyo na jedwali lolote. Magenge hudondoka, ndivyo vighuba vinavyokua. Tarehe 21 Agosti 2009, kwenye ufuo wa Maria Luísa karibu na Albufeira nchini Ureno, sehemu ya mwamba iliangukia watu waliokuwa wamekaa kwenye kivuli chake na kuua watano. Septemba 2018 kipande cha genge kiliporomoka Navagio, kisiwani Zakynthos, Ugiriki, na mawimbi yake yakapindua boti ndogo. Kipimo kinachotumiwa kwenye fukwe za Algarve, kusini mwa Ureno, ni kukaa umbali wa mara moja na nusu ya kimo cha genge. Genge la mita 20 linadai mita 30. Sasa weka hesabu mbili pamoja: kighuba chenye mchanga wa mita 40 maji yakiwa yamepwa kina ukanda salama wa mita 10 tu, na maji yakisogea mita 10 ukanda huo umekwisha, ingawa mchanga upo tele. Bahari inasukuma watu kuelekea ukutani muda ule ule ambao ukuta unawataka wakae mbali. Kwa vighuba vingi vyembamba huu ndio mpaka halisi wa ziara, na hutangulia ule wa mlango wa rasi.

Ukuta pia husomeka. Kovu lenye rangi angavu kuliko mwamba unaolizunguka ni la karibuni. Mawe yaliyotapakaa juu ya mchanga yakiwa na kingo kali, bila mwani wala magamba, yameanguka juzi. Yaliyoviringika yaliletwa na bahari. Rundo la kifusi chini ya ufa linaonyesha njia inayotumika. Hatari huzidi baada ya mvua kubwa, baada ya baridi ya kugandisha, na popote penye mbuzi wanaolisha juu. Kivuli cha mchana, kile ambacho kila mtu hukimbilia, karibu siku zote ni kivuli cha jabali. Beba mwavuli.

Kushuka kwa kamba zilizoachwa na wengine hakuna utetezi. Chumvi na jua huiozesha kamba ya plastiki kutoka nje na mwamba huikata upande usioonekana, na aliyeifunga hayupo kuulizwa. Ikiwa mahali panahitaji kamba, panahitaji kamba yako na mtu anayejua kuifunga. La sivyo, jaribu hivi: shuka mita tano za kwanza, panda tena. Kama hukuweza kupanda bila kusaidiwa na mikono ya mwenzio, hutaweza jioni ukiwa umechoka na miguu ina mchanga.

Ndani ya maji kighuba kina njia zake za kutoa maji. Kila kinachoingizwa na mawimbi lazima kirudi, na katika ufuo uliobanwa na mawe hurudi kwa kufuata kuta, upande mmoja au pande zote mbili. Mkondo huo wa pembeni hauhami kama ule wa fukwe ndefu. Uko pale pale kila siku yenye mawimbi. Unaonekana kama uchochoro wa maji meusi yasiyovunjika, ndiyo maana wageni huuchagua, wakidhani ni mahali patulivu pa kuogelea. Mikondo ya aina hii huenda kwa takriban nusu mita kwa sekunde, na ikichachamaa hupita mita 2, mwendo ambao hakuna muogeleaji wa kawaida anaoushinda. Ushauri wa jumla ni kuelea, kuinua mkono, na kutoka kwa kwenda kando. Kwenye kighuba ongeza neno moja: kando gani. Upande mmoja kuna jabali. Nenda upande wa katikati, kule mawimbi yanakovunjika, kwa sababu povu linalosukuma kwenda ufuoni liko huko.

Upepo unaotoka nchi kavu una hila yake. Chini ya genge hausikiki, maji ni kioo. Mita 100 nje unashuka kutoka juu ya rasi kwa nguvu zote, na aliyelala juu ya boya la kupulizia hugundua hivyo akiwa tayari anaondoka.

Wenye boti na kayaki hudhani wamelikwepa suala la mlango. Wamebadilisha mlango tu. Kutua huonekana rahisi kutoka nje kwa sababu unaona migongo ya mawimbi, na mgongo wa wimbi daima ni mdogo kuliko uso wake. Kutoka tena ukiwa na mzigo, dhidi ya mawimbi yaliyokua mchana kutwa, ni kazi nyingine. Kanuni ya nanga nayo hukosewa kwa namna ile ile kila mara: watu hupima kina walipofika. Tuseme kina ni mita 4 maji yakiwa yamepwa, na omo, yaani mbele ya boti, iko mita 1 juu ya maji. Kwa uwiano wa tano kwa moja umetoa amari, yaani kamba ya nanga, ya mita 25. Maji yakipanda mita 4, jumla inakuwa mita 9, na amari yako sasa haifiki hata mara tatu. Nanga inavutwa kwenda juu badala ya kulala, inang'oka. Ulihitaji mita 45. Lakini boti yenye mita 45 za kuzunguka haina nafasi ndani ya kighuba chembamba, kwa hiyo funga kamba ya pili kutoka tezi, yaani nyuma ya boti, hadi nchi kavu au kwenye nanga ya pili. Ikiwa nafasi hairuhusu hata hivyo, tia nanga nje ya mdomo na uache mtu ndani ya boti.

Wapi nanga inaangukia nako kuna uzito. Katika Mediterania majani ya bahari ya Posidonia hutambaa sentimita 1 hadi 6 tu kwa mwaka, kwa hiyo mtaro unaochimbwa na nanga moja kwa asubuhi moja hudumu miongo. Visiwa vya Balearic vya Hispania vilipiga marufuku kutia nanga juu yake mwaka 2018. Majani makavu yanayorundikana ufuoni, ambayo watalii hulalamikia harufu yake, ndiyo yanayouzuia mchanga usichukuliwe na mawimbi. Kuyazoa ili picha ipendeze ni kuupunguza ufuo wenyewe.

Ukinaswa, makosa mawili ndiyo huua kuliko maji yenyewe. La kwanza ni kuogelea kuzunguka rasi. La pili ni kupanda genge. Rasi ndiko mawimbi na mkondo vilikokutana, na genge lililoonekana kuwa na ngazi za mwamba hukatika ngazi mita 15 juu, mahali ambapo kushuka hakuwezekani. Nenda juu ya mstari wa takataka, mbali na ukuta kadiri inavyowezekana, toa taarifa mapema kabla hujawa na dharura, na ukae. Maji yakijaa hupwa, lakini methali haisemi baada ya saa ngapi. Katika mfano wetu, mlango uliofungwa 15:55 unafunguka karibu saa sita kasoro dakika kumi usiku (23:50). Ni muda wa saa nane, nyingi zikiwa gizani, kwa mtu aliyevaa nguo ya kuogelea.

Ndiyo maana mfuko wa kwenda kighubani kwenye jua kali unapaswa kuwa na taa ya kichwani na vazi moja zito, pamoja na filimbi na maji lita 3 kwa mtu mmoja. Hakuna chemchemi ya kutegemea, na mchanga uliozungukwa na kuta hurudisha joto kutoka kila upande bila upepo. Simu isihesabiwe, magenge huzuia mawimbi yake. Redio ya baharini, chaneli ya 16, hupita kwa mstari wa macho, kwa hiyo ndani ya kighuba inaweza kusikika upande wa bahari tu. Kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti, cha megahezi 406, kinahitaji anga, na kikiwekwa chini ya ukuta huona anga nusu. Kiweke karibu na maji. Kinachoshinda vyote ni mtu aliyebaki nyumbani mwenye karatasi yenye jina la mahali, saa ya kufungwa mlango, na saa ya kupiga simu kama hujasikika.

Kuna wanaosema suluhisho ni kuficha majina. Nawaelewa, ila wamechelewa. Picha moja ikitoka, watu huipata pwani kwa kulinganisha umbo la rasi na picha za setilaiti. Wengine wanataka ngazi na maegesho. Ngazi huleta watu zaidi, wenye viatu vibaya zaidi, na haiongezi hata dakika moja ya mchanga salama chini ya genge. Mamlaka zilizofanya vizuri zimegawa idadi na muda. Ufuo wa As Catedrais, kaskazini mwa Hispania, ambao matao yake hutembelewa maji yakipwa tu, hudai kibali cha bure katika msimu wa wageni, watu 4,812 kwa siku. Calanque de Sugiton, kighuba karibu na Marseille nchini Ufaransa, tangu mwaka 2022 inaruhusu watu 400 kwa siku katika kipindi cha msongamano, baada ya kufika hadi 2,500. Sababu yake ilikuwa udongo uliokanyagwa hadi mizizi ya misonobari ikabaki wazi. Maya Bay nchini Thailand ilifungwa mwaka 2018 kwa ajili ya matumbawe, ikafunguliwa Januari 2022 huku boti zikilazimishwa kushusha watu upande wa nyuma wa kisiwa. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyohitaji kuficha jina.

Ninachodai kwa mwenye kuchapisha mahali ni kidogo kuliko kibali. Alama ya ramani ibebe kimo cha kufunga na jina la bandari ambayo jedwali lake lilitumika, mwelekeo wa mawimbi unaoziba mlango, kama kuna mchanga mkavu wa kungojea au hakuna, na tarehe ya kipimo. Bila hivyo aweke picha peke yake, watu wafurahie picha. Na tarehe isichukuliwe kama pambo. Mchanga wa konani ukishuka mita moja baada ya majira ya dhoruba, kimo cha kufunga cha mita 1.8 kinakuwa 0.8, ukiondoa nusu mita ya tahadhari unabaki na 0.3, na ile siku yetu ya mfano iliyopwa hadi 0.6, iliyokuwa na saa tatu na dakika kumi za kukaa, haina hata dakika moja.